Plasta Juu ya Vibao Vyeupe

Jumanne, 6 Mei

Mazoezi. Gumba, cha pili, cha tatu, gumba linapita chini, halafu moja kwa moja mpaka cha tano. Doh mpaka doh, kupanda na kushuka. Mkono wa kulia sasa unakwenda wenyewe. Wa kushoto bado mvivu, unasubiri kusukumwa kama punda wa maji.

Nimeshona sketi za shule mpaka mchana ukaisha, nikafunika cherehani, nikafunua kinanda. Kinanda cha kwaya kinalala kwangu tangu paa la sakristia lilipoanza kuvuja. Hapa Ngokolo wanasema nimeolewa nacho. Waseme. Mjane akiolewa na kinanda hana wifi.

Mwalimu Deus alifika saa kumi kamili, mimi bado navuta benchi. "Saa kumi ni saa kumi, Mama Neema." Ndivyo alivyo. Alinisikiliza wimbo wa kuingilia mara mbili, akanisifu mara moja. Kwake hiyo ni sikukuu. Kabla ya kuondoka aliandika upya herufi zilizofutika kwenye plasta. Kila kibao cheupe kina kipande chake cha plasta: d, r, m, f, s, l, t. Vyeusi havina kitu. Niliwahi kumuuliza. Akasema vile ni vya nyimbo za huzuni, tutafika. Sina haraka. Huzuni ninazo za kutosha.

Harusi ya Neema ni tarehe 28 Juni. Mtoto wangu pekee. Siku Petro alipokuja kujitambulisha, Neema alisema mbele ya watu kwamba anataka kuingia kanisani mama yake akiwa kwenye kinanda. Na mimi nikakubali mbele ya watu. Nilikuwa sijui hata doh ilipo. Ni Deus aliyenitoa huko. Yeye ndiye baba wa ubatizo wa Neema, na ndiye aliyepiga siku tuliyomzika Baba Neema. Mtu kama huyo unampa ufunguo wa nyumba.

Jumapili, 11 Mei

Mwalimu hayupo. Yuko Mwakitolyo, ana duara, shimo la dhahabu, na shemeji zake. Wanachimba, wanaona dalili, wanachimba tena. Kila wiki wanaona dalili.

Nimepiga misa ya pili peke yangu. Wanawake wa sauti ya kwanza wamenitia aibu. Wimbo wa matoleo wameupigia kelele kama wanafukuza ndege mpungani. Mama Shija, kiongozi wao, alinifuata nje. "Mama Neema, doh yako ya leo iko mbinguni, sisi bado tuko duniani." Nikamwambia anywe maji ya uvuguvugu na aje mazoezini. Deus akiwepo hawapigi kelele hivyo. Mwanaume wanamheshimu, mimi wananijaribu.

Kweli kabla ya kila wimbo Deus hubonyeza vitufe vya juu. "Naweka sauti," husema. Mimi alinikataza kuvigusa, nitaharibu mashine. Sivigusi. Mtu akikuazima jembe akakwambia usilipige kwenye jiwe, hulipigi.

Ijumaa, 16 Mei

Neema amepiga simu kutoka Geita. Harusi haitafungwa huku. Itafungwa kwa kina Petro, kigango kimoja mbele ya Ushirombo. Baba yake Petro anaumwa miguu, hawezi safari. Sawa. Mkwe akiumwa huwezi kumburuta.

Ila kuna jambo. Paroko wa kule hataki kinanda cha umeme ndani ya misa. Hataki kabisa. Kanisani kwao kuna kinanda cha kukanyaga, cha tangu enzi za wamisionari. Cha umeme kitapigwa uwanjani, kwenye sherehe.

Nimefurahi. Miguu yangu imekanyaga cherehani tangu nikiwa msichana. Hicho kinanda kitanijua.

Nilimweleza Mwalimu akinywa chai. Akauliza, "Cha kukanyaga?" Nikasema ndiyo. Akauliza tena vile vile. Halafu, "Tutabeba chetu." Nikamkumbusha paroko kakataa. Alikunywa chai mpaka chini, akachukua kofia. Nadhani ana wivu. Wapiga vinanda wote wanatamani kile cha kweli.

Jumamosi, 24 Mei

Naandika kwa kina Petro, chumba cha wageni. Nimefunga mlango. Nimesema naumwa kichwa. Si kichwa.

Nimekuja kuona kanisa na kujaribu kinanda pamoja na kwaya yao. Walinipokea vizuri mno. Walikuja wengi, na kina mama wa mkwe wakaja kumwona mama wa bibi harusi anayepiga kinanda. Mwanamke, tena fundi wa nguo. Nilijisikia.

Kinanda ni kizuri. Mbao nyeusi, vibao vimekuwa njano kama meno ya mzee. Sikuona plasta lakini sikujali, mikono inajua. Nikakanyaga, upepo ukaja. Mwongozaji wa kwaya akainua mkono na kuwatajia sauti, wakaanza wimbo wa Neema. Nami nikaanza.

Wao walikuwa kwao, mimi nilikuwa kwangu. Hatukukutana hata mahali pamoja. Nikasimama, tukaanza tena, nikapiga kwa nguvu zaidi ili wanifuate. Wakanifuata. Wanawake wakanguruma, sauti ya nne wakapotea chini kabisa kama wameanguka kisimani. Mtoto mmoja akacheka.

Na mimi, kwa ujinga wangu, nikasema kwa sauti: "Kinanda chenu kimeshuka."

Kuna sista anayepiga hapo, Sista Consolata, mwanamke mfupi asiye na maneno mengi. Hakucheka. Aliniuliza, "Doh yako iko wapi, Mama?" Nikamwonyesha. Akasema hiyo ni doh ya C. Wimbo huu doh yake ni F, imeandikwa hapo juu ya karatasi. Nikatazama. Kweli imeandikwa. Kwenye karatasi yangu pia imeandikwa. Siku zote nilidhani ni alama ya mtu aliyeichapa.

Akaniuliza, taratibu, nyumbani nani huwa anaweka F. Hapo ndipo nilipokumbuka vitufe vya Mwalimu.

Jumapili, 25 Mei

Baada ya misa Sista alinifungia kanisani naye. Naandika alivyonieleza, nisisahau.

Kutoka kibao kimoja mpaka kinachokigusa, cheusi kikihesabiwa, ni nusu hatua. Ukiruka kimoja ni hatua nzima. Ngazi ya doh inakwenda hivi: nzima, nzima, nusu, nzima, nzima, nzima, nusu. Basi. Hiyo ndiyo siri yote. Ukianzia C inaangukia vyeupe vitupu, kwa sababu kati ya m na f hakuna cheusi, na kati ya t na d hakuna. Nimekaa mbele ya mapengo hayo mawili mwaka mzima na sikuwahi kujiuliza.

Ukianzia pengine popote, hatua ni zile zile, lakini sasa lazima vyeusi viingie. Ni kama kukata gauni. Mshono ni ule ule, vipimo vinafuata mwili. Kazi ya kila siku. Ningeambiwa hivyo ningeelewa siku ya kwanza.

Kwa F: f yangu inakuwa doh. s inakuwa r. l inakuwa m. Halafu t haifai, iko juu mno, nachukua cheusi kilicho kabla yake. Hicho ndicho fah. Kisha vyeupe tena mpaka juu. Cheusi kimoja tu! Wala si cha huzuni. Ni cha furaha kabisa.

Nikamuuliza kuhusu vitufe. Akasema vinanda vya umeme vina kitufe cha kuhamisha sauti. Unapiga vyeupe, mashine inakuhamisha kwenda unakotaka. Si dhambi, akasema. Lakini aliyekufundisha hivyo bila kukwambia amekupa gongo la kutembelea na kukuaminisha kwamba ni mguu.

Siku ya harusi atakuwa mafungoni Kahama. Kwa hiyo nitapiga wimbo wa kuingilia tu, nyingine kwaya itaimba kwa ngoma. Kama nitaweza. Nimemwambia nitaweza. Mdomo wangu huu.

Jumanne, 27 Mei

Ngokolo. Nimevigusa vitufe. Mashine haikuharibika.

Kwenye kioo kidogo kuna namba. Ilikuwa 5. Nimeishusha mpaka sifuri nikapiga wimbo wa Neema kama nilivyofundishwa. Sauti ikashuka chini, ile ile ya Ushirombo. Nikapandisha 5, ikarudi. Nikashusha. Nikapandisha. Nikalia.

Kumbe Mama Shija alikuwa anasema kweli. Jumapili zile Deus hayupo, kinanda kilibaki kwenye namba ya wimbo wake wa mwisho, na mimi nikaipigia misa nzima. Nimewagombeza wanawake wazima kwa kosa lisilo lao. Na yeye aliporudi nikamsimulia, akatikisa kichwa, akasema sauti ya kwanza ni wavivu. Alijua! Alikaa kwenye kiti changu akala michembe yangu ya viazi, na alijua.

Nimebandua plasta zote. Gundi imebaki, vidole vinanata.

Jumapili, 1 Juni

Deus amepiga misa. Kuanzia leo humu ndani ni Deus tu, Mwalimu simwandiki tena. Nilikaa benchi la nyuma kabisa, nyuma ya nguzo. Sikutaka kumwona. Nilisikia vitufe vikilia tik, tik kabla ya kila wimbo. Sitaacha kuvisikia sasa.

Nimewaza sababu. Nimeipata. Akiwa machimboni anahitaji mtu wa kumshikia kiti, lakini si wa kukikalia. Mtu anayejua vyeupe tu hawezi kumtoa. Na harusini alijua nitakwama. Ningekwama mbele ya wakwe, na yeye angenyanyuka kutoka benchi la mbele, baba wa ubatizo, mwokozi, watu wangepiga vigelegele. Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa naisikia tu kwa wazee.

Jumatano, 4 Juni

Nimekwenda kwake. Mke wake kanikaribisha, nikakataa kiti. Deus alikuwa nje anabandua udongo wa Mwakitolyo kwenye buti.

Nikamwambia nimejua. C, F, kitufe, yote. Buti lilibaki mkononi. Alitazama mikono yangu, si uso.

Nikamuuliza, "Ulinificha kwa makusudi?"

"Nilikuficha, Mama Neema," akasema. "Ndivyo ilivyo."

Alijibu upesi, kama mtu aliyefunguliwa mlango. Nilitegemea abishe. Nilitaka abishe. Hata aseme nimekosea, tupigizane kelele pale uani mpaka majirani watoke. Alikubali tu, bila hata kuinamisha kichwa.

Nikameza hasira. Nikamwambia basi nifundishe sasa, hiyo F tu, kwa ajili ya Neema. Akasema kesho alfajiri anarudi Mwakitolyo, duara halimsubiri mtu. Mke wake alikuwa ameshika kikombe cha chai yangu, hajui akiweke wapi.

Namchukia. Naandika hivyo hivyo.

Ijumaa, 6 Juni

Gumba langu ni jinga. Kwa C linapita chini baada ya kidole cha tatu. Kwa F lazima lisubiri mpaka cha nne, kwa sababu cha nne ndicho kinachokanyaga cheusi. Linakimbia kila mara. Mwaka mzima wa kufundishwa kukimbia.

Namba iko sifuri. Imekaa hapo na itakaa hapo.

Jumatano, 11 Juni

Mashirikisho matatu, vibao vitatu vitatu kwa pamoja, yanatosha kwa mkono wa kushoto, Sista alisema. La doh, la fah, la soh. La fah ndilo lenye cheusi. Nalikosa, nalikosa, nalikosa. Nimechoma kola ya mteja kwa pasi nikiwaza kidole.

Jumapili, 15 Juni

Nilipiga wimbo mmoja tu misani, kwa F, kwa sifuri. Niliwaomba wanivumilie. Nilikosea mara nyingi lakini sauti ya kwanza hawakupiga kelele. Mama Shija alinikuta mlangoni. "Leo umeteremka duniani. Wabeja, asante." Nikamweleza habari yote, kitufe na namba. Alicheka mpaka akashika ukuta, halafu akaacha ghafla akauliza, "Deus? Deus wetu?"

Ndiyo. Deus wetu.

Alhamisi, 19 Juni

Neema amepiga simu. Anauliza baba yake wa ubatizo ana nini, kamtumia ujumbe wa kumpongeza na hakumtaja mama yake. Nikasema kazi nyingi. Sitaki kumwekea uchungu kwenye harusi. Uchungu huu ni wangu, nitaubeba mwenyewe.

Neema anaamini nitapiga vizuri. Hajui nilikuwa sijui. Hicho ndicho kinachoniuma zaidi, kwamba kidogo tu nimwaibishe mtoto wangu mlangoni mwa wakwe zake.

Jumatano, 25 Juni

Gumba limesubiri. Mara tatu mfululizo limesubiri. Nimezima kinanda kabla halijabadili mawazo.

Jumamosi, 28 Juni

Wamelala wote, wamechoka. Mimi siwezi kulala kabla sijaandika.

Tulisafiri na gari la kukodi, Ngokolo nzima ndani. Nilipokuwa nateremsha sufuria nikaona nyuma mfuko mrefu mweusi. Kinanda cha kwaya. Deus alikuja nyumbani jana nikiwa sokoni, akakichukua kwa mpangaji wangu. Nikajua nilikuwa sijakosea. Amekuja kuniokoa.

Saa ya kuingia. Nilikaa, nikakanyaga, upepo ukaja. Miguu yangu ni ya cherehani, haikunisumbua. Mwongozaji akainua mkono. Nilimwona Deus benchi la mbele, suti ya kijivu, ameshika magoti.

Gumba likasubiri. Kidole cha nne kikatua kwenye cheusi. Kanisa lote likaingia, na tulikuwa mahali pamoja. Ubeti wa pili gumba lilikimbia mara moja, nikalirudisha, sidhani kama kuna aliyesikia zaidi yangu. Neema aliingia. Sikumwona vizuri, nilikuwa natazama vidole. Nilimwona alipofika karibu, akanigeukia kidogo, akatabasamu na meno yote kama akiwa mdogo.

Ningetaka kuishia hapo.

Wakati wa komunyo ngozi ya ngoma yao kubwa ilipasuka. Mwongozaji akageuka, akamwona Deus. Wanamjua, sifa zake zimefika. Akamwita kwa mkono: "Mwalimu, tusaidie." Watu wote wakatazama. Deus akasimama. Nikasema moyoni, haya sasa, mwokozi. Nikasogea kwenye benchi kumpisha, kwa uchungu.

Alikaa kando yangu. Mwongozaji akamnong'oneza doh ni D. Deus akaweka mikono juu ya vibao na haikutua. Nilimtazama. Macho yake yalikuwa yanakwenda kulia na kushoto juu ya vibao vile vya njano, halafu juu, mahali ambapo vitufe vingekuwepo. Alikuwa anatafuta herufi. Alikuwa anatafuta doh, kama mimi siku ile.

Jasho lilimtoka. Akaniinamia, "Mama Neema, mgongo umenibana." Akanyanyuka taratibu akirudi benchini ameshika kiuno. Kwaya ikaimba bila kitu.

Jioni uwanjani alipiga kinanda cha umeme, watu wakacheza mpaka vumbi likapanda. Nilisimama karibu na spika nikatazama mikono yake. Miaka yote hii nimemtazama uso. Leo mikono. Tik, tik, kitufe. Halafu vyeupe. Wimbo baada ya wimbo, kila aina ya wimbo. Hakugusa cheusi hata kimoja.

Jumapili, 29 Juni

Njiani kurudi. Deus amekaa mbele na dereva, hajageuka nyuma.

Nilidhani nimenyimwa mali. Kumbe ghala lilikuwa tupu. Alinifundisha yote aliyokuwa nayo, mpaka punje ya mwisho. Naye nadhani kuna mtu alimbandikia plasta zamani, akamwambia tutafika.

Na siku ile uani nilipomuuliza kama alinificha, akakubali upesi. Alichagua niondoke nikimwita msaliti, kuliko niondoke nikijua kwamba hajui. Usaliti una heshima yake. Msaliti bado ni Mwalimu.

Je, hasira imepungua? Haijapungua. Imehamia mahali pengine. Kutojua ningemsamehe kabla chai haijapoa. Mimi mwenyewe sikujua, na nina mwili mzima. Lakini siku nilipotaja kinanda cha kukanyaga alielewa, aliuliza mara mbili. Angesema siku hiyo, "Mama Neema, hapo hata mimi sipawezi." Tungetafuta wote. Tungekwenda kwa Sista wote wawili kama watoto wa katekisimu. Badala yake aliniacha nikatangulie Ushirombo, nikaaibike peke yangu, ili aibu yake ibaki salama nyumbani. Rafiki wa marehemu mume wangu. Baba wa mtoto wangu mbele ya Mungu.

Mficha uchi hazai. Lakini yeye aliuficha wake kwa kitambaa changu.

Ijumaa, 4 Julai

Upepo na vumbi. Nimepokea sare za kwaya za kupunguza, wamekonda wote, sijui wanakula nini.

Mchana Deus alirudisha kinanda kwa bodaboda. Tangu harusi kilikuwa kwake. Alikiweka juu ya meza, akafungua mfuko mwenyewe, akafuta kwa kiganja. Nilimpa chai na michembe, kwa sababu ni mgeni. Hakukaa kwenye benchi, alikaa kwenye kigoda cha wateja. Aliuliza habari za Neema. Nikasema wazima, wamefika Geita.

Nilikiwasha ili nione kama kimefika salama. Namba ilikuwa 2. Kuhama mpaka D. Ule wimbo wa komunyo ulioshindikana. Amekuwa akiupiga nyumbani kwake wiki nzima, juu ya vyeupe.

Aliona nimeona. Aliweka kikombe chini.

"Mama Neema. Hicho kidole cha nne, pale kwenye cheusi. Unakipelekaje?"

Nilitaka asubiri. Nilishona mshono mzima wa ubavuni, nikakata uzi, nikageuza nguo. Alisubiri. Buti zake zilikuwa safi, hajaenda Mwakitolyo wiki hii.

Sijamsamehe. Naandika hapa ili baadaye nisijidanganye.

Nikamwambia, "Kesho saa kumi."

Akaitikia, akachukua kofia. Alipofika mlangoni nikamwita jina lake, akageuka.

"Saa kumi ni saa kumi."

Amekwenda. Nimeshusha namba mpaka sifuri na kufuta gundi iliyobaki kwenye vibao kwa mafuta ya taa kidogo na kitambaa. Plasta sirudishi.